Wimbo wa Nne Unaporuka

Kama kulikuwa na mtu Doha aliyeipenda albamu ile kumzidi Benard, basi hakukaa mtaa wa Najma. Ilikuwa ya bendi moja ya roki ya Uingereza, ile iliyouzwa kuliko zote walizowahi kutoa. CD yenyewe aliipata duka la mitumba, haina jalada, mgongoni ina mkwaruzo kama wa ukucha wa paka. Benard alikuwa askari wa geti katika hoteli kubwa. Zamu ikiisha alirudi chumbani kwa wenzake, Mutai wa Kericho na Laban, dereva kutoka Jinja, akaiweka CD kwenye redio, na hapo ole wake aliyepiga soga.

Na jamani, ilistahili! Gitaa liliingia polepole kama mgeni anayebisha hodi, kisha ngoma zikafungua mlango kwa teke. Hakukuwa na wimbo hata mmoja wa kujazia nafasi. Wanaume wale waliimba upweke bila kujionea huruma, na Benard, aliyemwacha mke na binti Nakuru akaja kusimama juani, aliona wamemwimba yeye. Kila Ijumaa, siku ya mapumziko na ya ibada kule, wakitoka kanisani, watatu hao walisonga ugali na kuimba albamu nzima kwa sauti za kwaya, Benard juu, Mutai kati, Laban chini kabisa. Miaka ikaenda hivyo.

Kisha mwimbaji wa bendi ya hoteli akarudi kwao. Jennifer, Mfilipino aliyepiga kinanda, alikuwa amemsikia Benard akiimba getini, akamwombea nafasi kwa mudir, yaani meneja, wa muziki, Mwingereza asiyecheka ovyo. Benard aliitaka nafasi ile mpaka chakula kikamshinda. Alikuwa amechoka kufungulia watu njia. Alitaka wakae, wamsikilize.

Siku ya majaribio akachagua wimbo wa nne wa albamu ile. Ubeti wa kwanza wahudumu waliacha kupanga vikombe. Kiitikio kilipofika, hata mudir aliinua kichwa. Halafu Benard akaruka. Yeye akawa kule, bendi huku, gitaa likajikwaa na muziki ukakatika.

"Umeacha kipande kizima," alisema mudir.

"Hapana, sir. Huu wimbo naujua vile unaenda."

"Benard," Jennifer alimwambia taratibu, "sikiliza." Akafungua laptop yake, akaucheza wimbo wenyewe.

Kiitikio kikaisha. Benard akasubiri ule mruko aliouzoea, ule waliokuwa wakiuimba watatu bila kukosea. Haukuja. Ulikuja ubeti asiowahi kuusikia, uliomezwa miaka yote na mkwaruzo wa CD yake, mwimbaji akiwauliza wa nyumbani kama bado wanamwekea kiti mezani, kisha gitaa peke yake likalia, likalia, mpaka Benard akageukia ukuta na kufuta macho kwa mkono wa sare.

Alijua ameharibu. Nafasi imekwenda, khalas. Lakini furaha iliipita aibu kwa mbio. Yaani kitu alichokipenda hivyo kumbe kilikuwa bado na kingine ndani!

"Naomba tena," alisema.

"Kuimba?"

"Hapana, sir. Kusikiliza."

Mudir alimtazama kidogo, akavuta kiti, akausikiliza naye mpaka mwisho, macho kwenye zulia. Ulipokwisha akainuka.

"Kajifunze hicho kipande," alisema. "Kesho usije na sare."

Ijumaa iliyofuata Benard alirudi chumbani na CD nzima, aliyotengenezewa na Jennifer. Akaiweka kwenye redio bila kuwaambia wenzake. Wakaimba kama kawaida, mwiko mkononi mwa Laban. Kwenye wimbo wa nne Mutai na Laban wakaruka pamoja, wazuri kama jeshi, na muziki ukawaacha.

"Banange!" Laban aling'aka. "Hawa Wazungu wameongeza nini hapa?"

"Hawajaongeza," Benard alisema. Akauimba ubeti ule peke yake, polepole, mpaka kwenye kiti.

Laban hakuwa amekanyaga kwao tangu aondoke, na mwanawe mdogo alimjua kwa simu tu. Akauweka mwiko chini.

"Kumbe siku zote hizi kilikuwepo?"

"Kilikuwepo."

Laban akazima jiko, ugali haujaiva.

"Basi rudisha nyuma."