Picha Haijafa

"Sauti si ipo?" baba alisema akivaa viatu mlangoni. "Tutasikiliza tu mpaka jioni. Fundi amesema kioo cha TV kimekufa, hakitengenezeki, atakuja kuibeba."

"Tutasikiliza," mama akarudia. "Na huyu je?"

Alimwonyesha binti yao, aliyekaa mbele ya televisheni iliyokuwa ikisema bila kuonyesha kitu. Binti hakuwa amesikia neno tangu azaliwe. Ukimtoa mama, mkalimani wa lugha ya alama kwenye pembe ya kioo, wakati wa taarifa ya habari, ndiye pekee aliyezungumza naye kila siku.

Baba alimaliza kufunga kamba za viatu. Akaenda zake.

"Kiziwi na TV wapi na wapi?" Hayo alikuwa ameyasema fundi jana yake, huku akicheka, na baba akacheka naye. Kicheko kile mama alikuwa bado hajakisahau. Yeye ni mshonaji, na asubuhi hiyo alikuwa ameshona mfuko wa suruali ya mtu, akaufumua, akaushona tena upande usio wake.

Saa ya habari ya mchana ilipofika, binti akavuta pazia. Akawasha tochi ya simu, kama alivyoona kwenye video, akaimulika pembe ya kioo. Kisha akamvuta mama mkono.

Mama akainama. Ndani ya ule weusi, kwa mbali sana, mikono miwili ilikuwa ikizungumza.

Kumbe picha ipo! Zilizozimika ni taa za nyuma ya kioo tu, na fundi mzima asijue? Anajua sana. Alitaka kubeba kitu cha watu bure.

"Mwongo mkubwa!" mama alisema kwa mdomo na kwa mikono pia, na alama aliyoitumia ikamfanya binti azibe uso kwa kucheka.

Wakachomoa waya ukutani, wakasubiri umeme uliobaki ndani uishe. Wakailaza televisheni kifudifudi juu ya godoro, wakafungua skrubu. Mama akapitisha macho polepole, kama anayetafuta mshono ulioachia. Akauona: waya wa taa ulikuwa umechomoka nusu, ncha zake zimeungua. Akazikwangua kwa wembe mpaka zikang'aa, akakaza kishikio chake kwa koleo ndogo, akausukuma ndani mpaka ukalia *ta*.

Jioni fundi alibisha hodi akiwa na mkokoteni, baba nyuma yake. Sebule ilikuwa imejaa mwanga wa buluu.

"Karibu," mama alisema. "Maiti yako ile pale. Ingia uizike mbele yangu."

"Ah, mama, hivi vitu wakati mwingine vinajirudi vyenyewe..."

"Vinajirudi! Na ulimi wako utajirudi lini? Mtoto wangu hasikii, lakini macho anayo. Ulitaka kumwibia hata hayo?"

Fundi alimtazama baba. Baba alitazama sakafu. Magurudumu ya mkokoteni yakasikika yakirudi barabarani.

Baba akaketi ukingoni mwa kochi. Kwenye kioo mkalimani alisema jambo, na binti akaangua kicheko kikubwa.

"Amesema nini huyo?" baba aliuliza taratibu.

"Muulize mwanao."

Baba aliinua mikono kutoka magotini. Ikabaki hewani mbele ya kifua chake, vidole vimekunjuka nusu, na binti akageuka kumtazama.