Safu ya Nne

Fundi wa waya alipofika Ijumaa saa tatu asubuhi, Mzee Nukta alikuwa amekwisha kumwandalia kiti, meza na mshtakiwa.

Kiti kilikuwa kile cha mbao cha chumba cha kusomea. Juu ya meza lilikaa daftari la jalada la buluu, na kalamu imelazwa sambamba na ukingo wake. Mshtakiwa alikuwa chumba cha pili, nyuma ya mlango ulioegeshwa, na mlio wa cherehani yake ulisikika ukienda na kusita, ukienda na kusita. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe.

Jina la Nukta alibandikwa na wanafunzi, kwa kuwa hakuna insha iliyopita mikononi mwake bila kurudishiwa nukta iliyosahauliwa. Majirani walilidaka, na sasa, miaka minne tangu astaafu chuoni, hata muuza magazeti alimwita hivyo. Alibakiwa na darasa moja tu, la watu wazima wanaosoma huku wakifanya kazi, aliowafundisha mbinu za utafiti kila Ijumaa mchana kwa njia ya video. Kwa miezi sita darasa hilo lilikuwa limemgeukia adhabu. Picha yake ilikwama katikati ya sentensi, kinywa wazi, mkono hewani, na wanafunzi, wakidhani hasikii, wakazungumza.

"Mwalimu ameganda tena."

"Mwache, anatafakari."

Alikuwa akiwasikia vizuri sana.

Alilichunguza tatizo kwa njia aliyoijua. Alichora daftarini safu nne: tarehe, saa, kasi, na ya nne yenye kichwa kifupi, "Sh.", ambamo aliandika ama "yupo" ama "hayupo". Baada ya wiki kumi na moja jedwali likasema waziwazi. Shemeji alipotoka, kasi ya mtandao ilikuwa kama mkataba ulivyoahidi. Alipokuwa nyumbani, ilianguka. Mzee hakuona haja ya ushahidi mwingine. Alipiga chapa ukurasa mmoja, "Utaratibu wa Matumizi ya Mtandao Nyumbani", wenye vifungu vinane, akaubandika kwenye mlango wa friji. Kifungu cha tatu kilisema kwamba mtumiaji asiye wa lazima atajizuia kutazama filamu na tamthilia kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Nyumba ilikuwa na watu wawili. Mtumiaji wa lazima alikuwa amekwisha kujulikana.

Shemeji aliusoma amesimama, kikombe mkononi, mpaka kifungu cha mwisho.

"Hili ni langu, shemeji?"

"Ni la nyumba."

Shemeji akakiosha kikombe, akarudi kushona. Kesho yake alisema kwamba Jumapili angehamia kwa kaka yao mkubwa. "Nyumba imekuwa ndogo," alisema, kwa upole, kama anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Naye Mzee alikumbuka kwamba ni yeye mwenyewe aliyempigia simu miezi minane nyuma, karakana aliyokuwa akishonea ilipofungwa, akamwambia: njoo, nyumba ni kubwa. Alikumbuka, na bado alichokihisi kilikuwa nafuu. Hilo ndilo lililokuja kumuuma baadaye. Alijibu tu, "Kama umeamua." Mkoba wa shemeji ulikuwa tayari umesimama mlangoni pa chumba chake, zipu imefungwa.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kinga za magoti juu ya suruali na mkanda wa vifaa kiunoni. Aliomba maji ya kunywa, akaenda kuyanywa jikoni, akarudi na kuketi.

"Umezima kiboksi cha mtandao ukawasha, mzee?"

"Mara kumi na tisa. Zimeandikwa."

Fundi alilitazama daftari, akamtazama mwenye daftari. "Leo nimepata mteja. Wengine hata hawajui kiboksi kinakaa wapi."

"Tatizo halipo kwenye kiboksi, fundi. Lipo kwenye matumizi." Alishusha sauti, ingawa si sana. "Kuna mtu humu ndani anaula mtandao."

"Anaula?"

"Mchana kutwa. Tamthilia, nadhani."

Nyuma ya ukuta cherehani ilisita. Kisha ikaendelea.

Fundi alifungua kompyuta yake ndogo, akaingia kwenye mipangilio ya kiboksi, akapitisha kidole kwenye kioo. "Sasa mlaji mwenyewe yuko wapi? Mimi hapa naona vifaa viwili. Kompyuta hii ya mezani, na simu. Simu ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi hakuna mwingine."

"Pengine amezima kwa sasa."

"Hii inatunza hata waliowahi kuingia, mzee. Tangu mwaka jana ni hivi viwili tu." Akainua macho. "Huyo mtu, nenosiri ulimpa?"

Mzee Nukta alifungua kinywa. Aliitafuta siku hiyo kichwani mwake kama mtu anavyojipapasa mifuko kutafuta ufunguo aliokwisha kuuacha mlangoni. Shemeji hakuwahi kuomba. Yeye hakuwahi kutoa. Miezi minane. Ndipo akamwona tena, kama kwa mara ya kwanza, akitoka kila jioni na simu mkononi kwenda kuketi kwenye ngazi za duka la dawa pale pembeni, lenye mtandao wa bure kwa wateja, na kurejea baada ya nusu saa. Alikuwa na binti anayesoma mbali. Mzee alimwona mara nyingi kutoka dirishani, akadhani ananyoosha miguu, akaandika "hayupo".

"Sikumpa," alisema.

"Haya." Fundi alijifanya anatafuta spana, na Mzee akaelewa kwamba amestahiwa, jambo lililomchoma zaidi ya kuchekwa. "Tutafute tatizo lenyewe."

Aliufuata waya kwa vidole, kutoka kwenye kiboksi mpaka nyuma ya kabati la vitabu. Wakateremsha vitabu vya rafu mbili, vumbi likawapanda puani, na huko nyuma kikaonekana kidude cha chuma chenye midomo mitatu: waya mmoja ukiingia, miwili ikitoka.

"Nani aligawa waya hapa? Hiki si chetu."

"Ni mimi."

Ilikuwa Jumamosi, miaka mitatu iliyopita, mkewe alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani na akataka televisheni chumbani. Waya mmoja ndio ulioleta mtandao na televisheni nyumbani, basi Mzee alinunua kidude cha kuugawa na waya wa pili, akasoma maelekezo mara mbili, akatoboa ukuta kwa mkono wake. Alijivuna wiki nzima. Mgonjwa akawa anamwita "fundi wangu". Alipofariki, televisheni ilitolewa kabla wiki haijaisha, kwa sababu mgane hakuweza kuitazama. Waya aliusukumia nyuma ya kabati la nguo, asiuone, na kweli hakuuona tena.

Fundi aliunga kipimo chake kwenye mdomo wa pili wa kidude. Kwenye kioo ukatokea mstari uliolala, kisha ukaruka kama maji yanayochemka. Ukalala. Ukaruka.

"Sikiliza cherehani huku unatazama," alisema.

Mzee alisikiliza. Cherehani ilienda, mstari ukaruka. Ikasita, mstari ukalala.

"Waya ulioachwa wazi mwishoni ni mlango usiofungwa, mzee. Kelele zote za umeme zinapita humo. Na mota za cherehani kuukuu zina kelele kweli. Inaingia kule, inakuja huku, inavuruga kila kitu. Hakuna anayekula chochote. Dada anashona tu."

Jedwali halikuwa limedanganya. Kasi ilianguka kweli kila shemeji alipokuwa nyumbani. Kwa miaka thelathini Mzee Nukta alikuwa amesimama mbele ya wanafunzi akiwaonya kwamba mambo mawili kuandamana si hoja kwamba moja limelizaa jingine. Alilisema hata Ijumaa iliyopita, kabla hajaganda.

"Inabidi niingie chumba kile," alisema fundi, akangoja. Alipoona mwenye nyumba hatikisiki, akaenda kubisha mwenyewe. "Hodi, dada."

"Karibu."

Kitandani zilipangwa sare za wauguzi, nyeupe, zimekunjwa kwa kipimo kimoja. Cherehani ilikuwa juu ya meza ndogo iliyosukumwa ubavuni mwa kabati la nguo. Fundi alipiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya kabati mpaka begani, akavuta. Ukatoka waya mweusi wenye ncha ya shaba, umevikwa vumbi na nyuzi nyeupe.

"Mwizi wako huyu hapa, mzee." Akacheka. Alicheka peke yake.

"Mwizi wa nini?" aliuliza shemeji.

"Wa mtandao, dada."

Shemeji alimgeukia Mzee Nukta, aliyekuwa amesimama kizingitini, karibu na mkoba. "Kumbe kulikuwa na wizi pia," alisema. "Mimi nilijua kesi yangu ni ya filamu tu."

Mzee alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, sakafu ya nyumba ile aliisimamia mwenyewe ilipojengwa.

Kazi iliyobaki haikuchukua nusu saa. Fundi alikiondoa kidude, akaunga waya moja kwa moja, akauvuta ule wa chumbani na kuukunja. Akamwomba shemeji aendeshe cherehani kwa nguvu zote, akapima. Mstari ulilala kimya. Mlangoni, akikusanya vifaa vyake, alisema taratibu bila kumtazama Mzee usoni, "Ile karatasi ya kwenye friji niliisoma nikinywa maji. Ningekuwa wewe, isingefika chakula cha mchana."

Mzee aliibandua. Sumaku ilianguka ikabingirika chini ya jiko, naye hakuinama kuitafuta. Aliitunga radhi yake pale pale jikoni, yenye utangulizi, sababu na hitimisho, akaenda nayo mpaka mlangoni pa shemeji, ikamkauka mdomoni yote.

"Shemeji, nimekukosea."

Shemeji alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. "Kwa lipi?"

"Kwa karatasi hii."

"Na lipi?"

"Kwa kukaa nawe miezi minane bila kukupa nenosiri."

"Na lipi?"

Hakulijua la tatu. Alibaki na karatasi mkononi kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Lete daftari," alisema shemeji.

Alikuwa ameliona mezani kila siku alipofuta vumbi, na hakuwahi kulifunua. Sasa alilifungua juu ya sare za wauguzi, akapitisha kidole kwenye safu ya nne, ukurasa baada ya ukurasa, bila haraka.

"Hii Sh. ni mimi?"

"Ni wewe."

"Hata neno hukulimaliza."

Kidole kiliendelea kushuka. Kikasimama.

"Tarehe kumi na mbili, mwezi uliopita. Saa tatu, saa nne, saa sita. Mara zote tatu umeandika nipo."

"Kasi ilikuwa imeanguka."

"Sikuulizi kasi, shemeji. Nilikuwapo?"

Alitaka kusema ndiyo. Ndipo siku ile ikamrudia vipande vipande: jirani akitoboa ukuta wake tangu asubuhi, mashine yake ikivuma, yeye kwenye kiti cha mbao, akipima. Aliona kasi imeshuka, akaandika. Hakuinuka kutazama chumba cha pili. Hatua saba.

"Nilitoka alfajiri," alisema shemeji. "Nilikwenda kaburini kwa dada. Nilikuaga hapo mlangoni, ukasema 'haya' bila kugeuka."

Tarehe kumi na mbili. Miaka miwili kamili tangu mkewe afariki.

"Nilisahau siku."

"Najua. Nilingoja jioni nikaona huulizi kitu, nikajua." Shemeji alisema hivi pasipo ukali, na ingekuwa afadhali kungekuwa na ukali. "Ningekukumbusha. Nikaona haya kwa niaba yako."

Alinyoosha mkono, na Mzee akampa kalamu. Shemeji alikata "yupo" mara tatu, mstari mmoja mnyoofu kila mara, kama anayekata kitambaa, akaandika pembeni "hayupo", na kila moja akaiwekea nukta yake. Katika miaka yake ya ualimu Mzee alikuwa amewaangusha watu kwa kosa dogo kuliko lile. Mmoja wao alimlilia ofisini, akisema alijaza tu alichokuwa na hakika nacho. Mzee alimwambia kwamba hakika si macho.

"Jumapili..." alianza.

"Jumapili bado. Kesho asubuhi nakwenda tena kule. Magugu yamejaa upande wa kichwani, siku ile sikuwa na jembe. Ukitaka tuongozane, vaa viatu vya matope. Mkoba utakaa hapo hapo ulipo. Tukirudi nitakwambia."

"Nitakuja."

"Na daftari libaki."

Saa nane mchana alifungua darasa, kwa kuwa hakupata sababu ya kuliahirisha ambayo angeweza kuitamka. Nyuso kumi na nne zikajitokeza kwenye kioo, kila moja angavu, bila mawingu.

"Mwalimu, leo unaonekana vizuri kabisa," alisema mmoja. "Mpaka macho."

Wengine wakaitikia kwamba ni kweli, leo hakuna mgando. Mzee Nukta aliinamia karatasi zake, akainuka, akaona hana pa kuuweka uso wake. Kwa miezi sita alikuwa ameomba picha isikwame. Sasa angetoa chochote ikwame, dakika moja tu. Nyuma ya ukuta cherehani ilikuwa ikienda moja kwa moja, haisiti, na picha haikutikisika hata kidogo.