Risiti ya Tarehe Tano

Mzee Zadock alikuwa na nyumba Dunga, karibu na ziwa, na duka moja la kupangisha pale Kibuye. Mkewe alishafariki, binti yake Sheryl yuko Nairobi, na mgeni wake wa uhakika alikuwa mmoja tu: Mumbi, mshonaji wa yunifomu aliyepanga duka hilo. Kila tarehe tano Mumbi alimletea kodi mkononi. Zadock alidai eti kulipwa kwa simu kunamchanganya. Uongo mtupu. Alitaka mtu aketi, anywe chai, amsimulie nani kaolewa na nani kafilisika, huku yeye akiandika risiti polepole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kisha barabara ya mbele ya duka ikachimbwa mtaro, wateja wakakata mguu, na kodi ya miezi minne ikalala. Mumbi akaona haya kuja mikono mitupu. Zadock aliumia sana, wala si kwa ajili ya kodi, ila hilo asingelisema hata kwa viboko. Sheryl alipomuuliza mbona anakubali kuchezewa, mzee akaenda akatia kufuli mlango wa duka. Wandera, wakili waliyemtafuta, akamwonya kwamba mkataba sasa umevunjwa na asipokee hata shilingi.

Tarehe tano iliyofuata Mumbi akabisha hodi Dunga na kodi ya mwezi mmoja. Zadock akaipokea kwa mikono miwili, akaandika risiti, akachemsha chai. Kufuli hakulifungua. Alijiambia kwamba likikaa pale, Mumbi atarudi tena kuliombea.

Badala ya kurudi, Mumbi akaenda kwenye baraza linaloamua kesi za wapangaji wa maduka. Mwenyekiti akaisoma ile risiti, akasema anayepokea kodi baada ya kufunga mlango amekubali kwamba bado ana mpangaji. Duka lifunguliwe. Deni lilipwe ndani ya miezi mitatu, na ili pasiwe na mabishano tena, kila senti ipitie benki.

Nje ya jengo Zadock alimngoja. Mumbi akampita, kisha akageuka.

"Mzee, mimi nilikuja kwako na heshima. Si ungeniambia tu kitu unataka."

Zadock alikuwa na jibu, tena fupi, lakini watu walikuwa wanapita na yeye ndiye mwenye nyumba. Akamwambia aende salama.

Tangu siku hiyo kodi haijachelewa. Inaingia benki, na yeye anakaa sebuleni peke yake.

Juzi alimpigia Wandera, akamwambia anataka kukata rufaa. Wakili akamweleza kwa upole kwamba kesi yenyewe haina kichwa wala miguu, na gharama zote zitamwangukia yeye.

"Nimeskia," akasema Zadock. "Lakini tukikata rufaa, huyo mama lazima akuje mwenyewe, ama atatuma tu wakili?"