Sukari Kinywani mwa Hafidha

Siku ya sita ya Ramadhani, Hafidha binti Saidy alikuwa akipalilia mpunga wake huko Salale, maji yakimfika vifundoni, mara kinywa kikamjaa sukari. Akatema. Sukari ikarudi. Akanawa miguu, akaenda kumuuliza Maalim Idrisa kama funga yake imevunjika.

"Umekula?"

"Sijala, Maalim. Ni mpunga."

"Basi funga ipo. Ila usimeze makusudi."

Talib, bwana shamba, alipofika kwa boti, alimweleza kwamba majani ndiyo yanayotengeneza sukari na kuipeleka kwenye mmea mzima, na mpunga huisoma kama barua: ikiwa nyingi, unajua umeshiba na unaweza kuchanua, ikipungua, unangoja.

"Sasa hizo barua zinapitia kwako, mama," alisema, akaandika kwenye daftari lake.

Tangu hapo majirani wakawa wanakuja kumuuliza mashamba yao yatachanua lini. Hakukosea hata mara moja.

Lilipoingia kumi la mwisho, utamu ukakatika. Ikaja njaa, si ile ya funga, bali njaa kavu ya kitu kinachoogopa kuzaa. Hafidha akaifuata shamba kwa shamba, ulimi ukizidi kumkauka, mpaka kwenye tuta la upande wa mikoko. Lilikuwa limekatwa kwa sepetu, upana wa mlango, na maji ya chumvi yakiingia taratibu. Ng'ambo yake Nassibu, shemeji wa mwenyekiti wa kijiji, alikuwa akichimba bwawa la kufugia kambamiti.

Mkutano uliitwa baada ya Alasiri. Hafidha alipokuwa akieleza, njaa ile ikawaingia wote vinywani, hata Nassibu, aliyejifuta ulimi kwa leso. Hakuna aliyebisha kwamba ni mpunga.

"Tumeusikia," alisema mwenyekiti. "Lakini mpunga si mkazi wa kijiji. Kwenye muhtasari naandika maji yameingia yenyewe."

"Na tuta, mwanangu, limejikata?"

"Bi Hafidha, sote tumefunga. Tusibishane."

Mpunga haukuchanua. Idi ikapita, mabua yakakauka, bwawa likapanuliwa mpaka likalimeza shamba la Hafidha. Mwezi wa saba Nassibu alitafuta wanawake wa kuchambua kambamiti, na Hafidha akaenda, maana ndani hamkuwa na punje. Alikaa ukingoni juu ya ndoo iliyopinduliwa. Chini ya maji, ndani ya tope, mizizi ilikuwa bado inauliza sukari iko wapi.

"Haipo," aliijibu kwa sauti ndogo, akitenga wakubwa na wadogo. Mwanamke aliyekaa naye, Tatu, akamsogezea beseni jingine.