Diski Nzima

Dada yangu hajanigombeza, na hilo ndilo linaloniua. Ameketi kwenye benchi la wateja humu kibandani mwangu, mkoba mapajani, anangoja nimrudishie sauti ya mama.

Alileta kompyuta yake asubuhi. Ilikuwa nzito, kuwaka tu dakika kumi. Nami fundi, mdomo hauna breki, nikaanza somo. Nikamwambia mfumo endeshi ndiye msimamizi: bila yeye kibodi, skrini na diski havielewani. Ipo mingi. Windows watu wengi wameizoea, macOS ni ya kompyuta za Mac, Android ndiyo iliyo kwenye simu yake.

"Lakini kompyuta kuukuu kama hii dawa yake Linux," nikajigamba. "Nyepesi, tena ya bure."

"Kaka, mimi hayo siyajui. Rekodi za mama zitabaki?"

"Umeziweka wapi?"

"Kwenye D."

"Basi tulia. Mfumo unakaa C. D siigusi."

Rekodi thelathini na moja, mama akitusimulia maisha yake kabla ugonjwa haujamnyang'anya sauti, kisha uhai. Zilikuwa kwenye simu ya dada hadi mimi mwenyewe nilipomwambia azihamishe, simu imejaa.

Miaka kumi na miwili nawaambia wateja kwamba C na D ni vyumba viwili vya diski moja. Linux ikauliza: ikae kando ya Windows, au ifute diski nzima? Nilikuwa nimemgeukia dada, bado naisifia. Nikabonyeza lile la pili bila kusoma. Mjinga mimi!

Tangu saa nne programu ya kuokoa mafaili inachakura. Nimeomba Mungu, nimejitukana, nimeomba tena. Majina ya mafaili yanarudi, lakini ndani hamna kitu. Thelathini yote matupu.

La mwisho lina sekunde tisa. Dada anasogea hadi bega lake linagusa langu. Nalicheza.

Ni sauti yangu. "Mama, sogea karibu na simu. Siyo hivyo, mama. Ngoja kwanza nikuelekeze..." Nyuma ya sauti yangu mama anavuta pumzi ili aanze kusema, na faili linakatika.

Nashindwa kumtazama dada. Machozi yananidondokea kwenye kibodi.

"Rudia," ananiambia taratibu. "Ila ruka pale unapoongea wewe. Nataka ile pumzi tu."