Mama Mukwe na Njia ya Murongo

Hippolyte alikuwa juu ya kiti cha jikoni, anafunga valizi, sanduku la safari, kwenye paa la taksi kwa kamba ya mpira. Mama mkwe wake alikuwa amejibanza nyuma ya mlango akingoja amalize, ili wasikutane uso kwa uso.

Ndivyo walivyoishi tangu alipomuoa Clarisse. Mama Gertrude alilelewa kijijini upande wa Djugu, na kule mama hamtazami mume wa binti yake, hali naye meza moja, wala hakalii kiti ambacho yeye ametoka kukalia. Vita vilimfukuza kijijini vikamleta Bunia, vikamweka katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mkwe huyohuyo, lakini adabu yake aliibeba yote, haikubaki njiani hata kidogo. Akitaka chumvi, alimwambia Régine, binti yake mdogo, na Régine akamwambia Hippolyte, hata kama wote watatu wako katika chumba kimoja.

Leo Mama Gertrude alikuwa anapanda ndege kwa mara ya kwanza. Clarisse alikuwa amelazwa Kisangani, mimba yake imekaa vibaya, na madaktari walikuwa wamesema watampasua Jumatatu. Hospitali ni kubwa, lakini mgonjwa asiye na mtu wake hana wa kumpikia, wala wa kumfulia, wala wa kukimbia kutafuta dawa. Kwa barabara, safari hiyo siku hizi hakuna anayeizungumzia bila kwanza kuomba Mungu. Ndege ilikuwa asubuhi hii, na nyingine ni katikati ya wiki ijayo. Ukoo mzima ulikuwa umechanga pesa za tiketi, na tiketi ni moja.

Waliingia garini. Régine alikaa mbele. Mama Gertrude alikaa nyuma, kitenge kimefunika kichwa, uso dirishani. Hippolyte alikigeuza kioo cha katikati kitazame paa, kama alivyofanya kila alipombeba, na kwa hiyo hakuona chochote kilichokuja nyuma yake.

"Régine, mwambie bwana ya Clarisse tunachelewa," alisema Mama Gertrude.

"Mama anasema tunachelewa."

"Mwambie mama barabara mupya imemalizika. Tutafika mbio."

Barabara mpya kweli ilikuwa imemalizika. Kwa miezi kadhaa Hippolyte aliitazama ikichimbwa, ikisahauliwa, ikichimbwa tena, mpaka wiki hii, ghafla, matrekta yalikuja na kuimwagia udongo mwekundu na kuulainisha vizuri. Alikuwa ameisubiri kama mtu anavyosubiri mshahara. Spring za taksi yake zilikuwa zimekufa kwa ajili ya njia ya Murongo, kwenye uwanja wa ndege.

Mahali mji unapoanza kuisha, walikuta kamba imevutwa toka mti mpaka mti. Polisi alikuwa ameketi chini ya mwavuli wa kampuni ya simu.

"Hapana kupita," alisema bila kusimama. "Barabara iko imefungwa."

"Shefu, tunaenda ku uwanja ya ndege. Mugonjwa iko anatungoja."

"Ekselansi, mukubwa wa serikali, anatoka Kinshasa leo. Anakuya kufungua barabara."

Hippolyte alitafakari. "Munaifunga ju afungue?"

"Sasa angefungua nini kama iko wazi?" polisi aliuliza, na kwa kweli alishangaa.

"Na batu banaenda Murongo banapita wapi?"

"Kule kwa zamani. Ngezi."

Hippolyte alirudi kwenye usukani. Kuna njia mbili tu za kwenda Murongo: hii, na ile ya kuzunguka Ngezi, yenye mashimo ambayo wenyeji wameyapa majina. Tena leo ilikuwa Jumamosi, siku ya kazi ya pamoja ya mitaa.

"Mwambie mama, Ngezi leo iko salongo. Mutaa yote inafyeka majani na kuzibua mifereji, hawaachake gari ipite. Afazali tungoje hapa, pengine Ekselansi atakuya sasa hivi."

Régine aligeuka nyuma, lakini hakuhitaji kusema kitu.

"Mwambie bwana ya Clarisse," alisema Mama Gertrude, "ndege haijue salongo."

Basi walipita Ngezi.

Taksi ilishuka na kupanda, na kila iliposhuka valizi iligonga paa kama mtu anayebisha hodi. Walivuka shimo la kwanza na la pili. Penye kona ya kanisa wakasimama. Watu wengi walikuwa na majembe na mapanga, na katikati ya barabara, toka ukingo huu mpaka ule, walikuwa wamechimba mfereji mpya. Ubao mmoja ulikuwa umelazwa juu yake.

Kiongozi wa mtaa, mzee Ézéchiel, alikuja na filimbi shingoni, akaonyesha gari lao, kisha pikipiki iliyoegeshwa kando.

"Gari haipite. Moto, sawa. Mutu na miguu yake, sawa."

"Muzee, muke yangu iko hospitali Kisangani. Huyu ni mama yake, ndege iko karibu kuruka."

Mzee Ézéchiel alimtazama mama ndani ya gari, akavua kofia. Hakuwa mtu mbaya. "Pardo, mama. Lakini mufereji hauwezi kurudi ndani ya udongo. Beba mama ku moto."

Kichwa kilitokea ndani ya mfereji. Kilikuwa cha Blanchard, dereva wa pikipiki ambaye Hippolyte alimfahamu vizuri. "Moto yangu iko pale! Niache nimupeleke!"

"Weye ubaki humo," alisema mzee Ézéchiel. "Kila Jumamosi unakimbiaka salongo. Mugonjwa wa leo, maiti wa juzi, ubatizo wa wiki ile. Leo utachimba."

"Basi Hippolyte achukue ufunguo, amubebe mwenyewe. Wengine hapa hawajue kuendesha."

Majembe yalisimama hewani. Kila mtu pale alijua maana yake. Kwenye pikipiki, mtu wa nyuma hushikilia mtu wa mbele, goti linagusa paja, na Ngezi ikishakutikisa hakuna adabu inayobaki.

"Mukwe na mama mukwe ku moto moja?" alisema mama mmoja mwenye panga. "Yesu Maria!"

Salongo yote ikageuka kikao. Mmoja alisema Régine aendeshe, lakini Régine hajui hata baiskeli. Mwingine alisema Mama Gertrude akae juu ya pikipiki na Hippolyte aisukume mpaka Murongo. Mzee mmoja alikumbuka mkwe wa kwao aliyevusha mama mkwe wake mtoni kwa kumfunika na mkeka. Ila walipomuuliza kama mama yule alifika salama, akasema hakumbuki. Mzee Ézéchiel alipiga filimbi, akatoa hoja kwamba yeye mwenyewe ampeleke, kisha akakiri kwamba hajawahi kuendesha. Kutoka mferejini, Blanchard alirudia kwamba suluhisho liko wazi, wamtoe. Hakuna aliyemsikiliza.

Hippolyte alisimama katikati yao, ufunguo mkononi. Alimfikiria Clarisse kitandani, akiulizwa na muuguzi, nani iko hapa na weye.

Mlango wa nyuma wa taksi ulifunguka. Mama Gertrude alishuka taratibu, akarekebisha kitenge, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Régine. Mwambie bwana ya Clarisse aweke valizi katikati."

Vigelegele vilipanda. Mzee Ézéchiel alipiga filimbi bila kujua kwa nini. Régine alibaki kulinda gari, na wanaume wanne waliivusha pikipiki kwenye ubao, kisha wakampandisha mama kwa heshima kama wanayempandisha ni askofu. Hippolyte mbele, valizi katikati imesimama kama ukuta, Mama Gertrude nyuma ameikumbatia.

Waliacha barabara wakashika kijia katikati ya mashamba ya mihogo. Msemaji wao, Régine, alikuwa amebaki kwenye mfereji. Halafu Hippolyte akasikia sauti.

"Weye valizi. Mwambie anayeendesha, kule mbele kuko ng'ombe."

Hippolyte alijibu bila kugeuka. "Valizi, mwambie mama nimemuona."

"Valizi, mwambie kuko na mwingine."

"Valizi, huyo pia..."

"Hippolyte! Shika freni!"

Alishika. Pikipiki iliteleza, ikazunguka nusu, ikasimama mbele ya pua ya ng'ombe dume mwenye pembe ndefu, ambaye aliwatazama wote watatu, yaani pamoja na valizi, kisha akaenda zake. Jina la mkwe lilikuwa limetoka kinywani mwa mama mkwe kwa mara ya kwanza tangu harusi. Hippolyte hakujua atazame wapi. Akapiga kiki.

Kijia kilivuka mtaro juu ya mbao za mafundi, kikatokea kwenye barabara mpya, ng'ambo ya ile kamba ya polisi. Lo! Ilikuwa laini kama sahani. Mawe yamepakwa chokaa pande zote mbili, na mitaro kandokando inafika kifuani mwa mtu. Pikipiki ya Blanchard, iliyokuwa inakohoa njia nzima, ilinyamaza na kuteleza. Kwa dakika chache Hippolyte alijisikia kama raia.

Kisha akaona utepe.

Ulikuwa utepe mpana wa rangi tatu, umefungwa kwenye migomba miwili iliyopandwa jana. Nyuma yake walikuwepo watoto wa shule wenye bendera za karatasi, wamesimama juani tangu alfajiri, na fanfari ya kanisa yenye tarumbeta na ngoma kubwa. Mbele alisimama bwana wa protokoli aitwaye Camille, mwenye suti na jasho, ameshika sahani yenye mkasi juu ya kitambaa cheupe.

"Halte! Munatoka wapi? Barabara haijafunguliwa!"

"Pardo, papa. Ndege ya Kisangani iko inaondoka. Tupite tu chini ya utepe."

"Hakuna mutu anapita mbele ya Ekselansi."

"Ekselansi iko wapi?"

Camille alitazama juu, kana kwamba jibu linakuja na mawingu. "Programu inasema asubuhi."

"Tuzunguke kando?"

Wote wawili waliutazama mtaro. Hata mbuzi asingeuzunguka.

Mama Gertrude alikuwa ameshashuka. Alimwendea Camille, na kwa kuwa alikuwa mama mtu mzima aliyevaa kitenge chake cha kanisani, Camille aliinama kidogo kwa mazoea.

"Mutoto yangu watamupasua," alimwambia. Hakuomba. Alikuwa anampa habari tu. Akachukua mkasi kwenye sahani, akakata utepe.

Fanfari walikuwa wameagizwa jambo moja tu: utepe ukianguka, pigeni. Wakapiga. Watoto walikuwa wameagizwa wapunge bendera fanfari ikipiga. Wakapunga, wakaimba, na kwa furaha ya kumaliza kusimama waliimba kwa nguvu kuliko kwenye mazoezi. Camille mwenyewe alipiga makofi mara mbili kabla hajajikumbuka.

Mama Gertrude alirudisha mkasi kwenye sahani. "Hippolyte, twende."

Walifika Murongo wakati abiria wa mwisho wanavuka kwenda kwenye ndege. Hippolyte alikimbia na valizi kichwani hadi pale wanapozuia wasiosafiri. Mama Gertrude alipokea tiketi yake, akageuka. Alimtazama usoni, polepole, kuanzia paji la uso hadi kidevu, kama mtu anayesoma.

"Uko mwembamba," alisema. "Ule."

Akaenda.

Wakati wa kurudi polisi wawili walimngoja penye utepe. Walikubaliana kwamba ametenda kosa, ila hawakukubaliana jina lake. Mmoja alisema ni kupita palipokatazwa. Mwingine alisema ni kutumia mali ya serikali kabla ya serikali. Walipokosa jina walichukua pikipiki, wakasema ataipata Ekselansi akishakuja. Ndipo simu ya Camille ikalia. Alisikiliza, akajibu "ndio" nyingi, akakata.

"Hakuyi tena," alisema. "Bamesema mwezi ujao."

"Na barabara?" Hippolyte aliuliza.

"Inangoja."

Camille alipiga magoti akaanza kuunganisha utepe kwa fundo. Watoto walikuwa wanatawanyika, bendera zao zimelowa jasho. Hippolyte hakujua atamwambia nini Blanchard. Ngurumo ikatoka nyuma yao, na ndege ikapita juu, ikaelekea magharibi. Alisimama, shingo ameivuta, mpaka haikuonekana tena.

Akaanza kutembea kurudi mjini, katikati kabisa ya barabara. Hakuna gari, hakuna shimo. Chini, ndani ya mtaro, wamama wenye mabeseni ya mihogo vichwani walikuwa wanapita kwenye matope, mmoja nyuma ya mwingine, wakielekea sokoni. Mmoja wao alimwona akasimama.

"Papa! Bameifungua?"

Hippolyte alitazama nyuma. Camille alikuwa bado anahangaika na fundo.

"Bameifungua, mama."

"Nani amefungua?"

"Mama mukwe yangu."

Walicheka mpaka mabeseni yakatikisika. Kisha yule wa mbele akamnyooshea mkono, Hippolyte akamvuta juu barabarani, akamvuta na wa pili, na wengine wakapanda wenyewe.