Gitaa la Upande wa Pili

Jumapili ya mwisho ya kila Desemba, misa ya pili ikishatoka, marafiki wanne walikutana kwa Bibiane, mtaani Kadutu mjini Bukavu, kila mmoja na santuri yake kwapani: ile aliyoipenda kuliko zote za mwaka huo. Sheria zilikuwa chache. Unaipiga yako pande zote mbili, hakuna anayesema neno wakati sindano iko chini, kisha unaeleza kwa nini umeichagua. Jioni wananyoosha mikono, na albamu iliyoshinda inatundikwa ukutani mpaka mwaka mwingine. Bibiane alikaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wengine walileta bia ya Primus.

Eulalie alianza kwenda huko kama mke wa Isidore, mpiga gitaa. Isidore alipopanda ndege ya mizigo kwenda Kinshasa, nyimbo zake zote zikiwa kichwani, Eulalie aliendelea kwenda peke yake, kwa kuwa muziki aliupenda kweli. Mwanzoni mume alimtumia salamu kupitia wasafiri. Kisha salamu zikakoma. Majirani walisema amepata mwanamke mwingine kule, na Eulalie akawaacha waseme.

Mwaka ule Gaston, fundi wa redio, alileta albamu ya orkesta moja ya Kinshasa ambayo ilikuwa imefika Bukavu wiki hiyohiyo. Upande wa kwanza ulikuwa wa kawaida. Alipogeuza upande wa pili, gitaa lilianza peke yake, polepole. Mlango ukafunguliwa na Isidore akaingia. Aliwapa wote salamu kwa kichwa, akavuta kigoda, akakaa na kupiga gitaa lake.

Bibiane alisogeza sahani ya sambaza ili kiwiko cha Isidore kipate nafasi. Mwalimu Apollinaire, aliyezishika sana sheria, aliweka kidole mdomoni. Eulalie aliangalia viatu. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi, na Kadutu mvua ikinyesha hakuna anayevuka kizingiti bila kuingiza tope. Viatu vya Isidore vilikuwa safi. Shati lake lilikuwa kavu mpaka mabegani. Basi Eulalie akajua. Miaka yote hiyo alikuwa amemchukia yule mwanamke wa Kinshasa, akimpa hata sura na nguo, na sasa alitamani mwanamke huyo awepo.

Wimbo uliisha. Isidore akasimama, akalitupia gitaa mgongoni, akatoka.

"Ameshakufa," alisema Eulalie.

Gaston alikubali kwamba inaonekana hivyo, akampa pole. Kisha akamuuliza kama arudishe wimbo.

"Urudishe."

Waliurudia mpaka umeme ukakatika, na kila mara Isidore aliingia. Eulalie alimuuliza ni ugonjwa gani uliomchukua, na kama kulikuwa na mtu wa kumshika kichwa. Kwenye santuri sauti yake haikuwemo, lilikuwemo gitaa tu, na mikono yake haikuweza kusimama kabla ya wimbo kusimama. Alimtazama mkewe akaendelea kupiga.

Albamu ilishinda bila ubishi. Kabla ya kuitundika, Apollinaire alisoma jalada kwa sauti: nyimbo zote zimetungwa na mkuu wa orkesta, yule ambaye wanamuziki wake walimwita Président. Isidore hakuandikwa popote, hata miongoni mwa wapiga magitaa.

Miezi iliyofuata wimbo ulipendwa kote, na popote ulipopigwa Isidore alifika. Kule Walungu walimpa kasiksi, pombe ya ndizi, akaiacha bila kuigusa. Kisiwani Idjwi mama mmoja alilalamika kwamba mgeni huyo hukalia kiti cha baba mkwe wake. Pale mtaani Nyawera, mwenye duka la santuri aliupiga kutwa, na Eulalie akienda sokoni alimkuta mumewe kwenye ngazi za duka, katikati ya watu ambao hawakumjua. Alimsalimia na kupita, maana samaki wa sokoni hawangojei mnunuzi.

Kisha orkesta yenyewe ikaja Bukavu. Eulalie alikwenda hotelini, na Gaston akambebea gramafoni. Président aliwapokea vizuri, akawaagizia Fanta. Eulalie alimwomba asikilize kidogo. Gaston akashusha sindano, Isidore akaingia, na Président akaondoa koti lake juu ya kiti cha pili ili akae.

"Alikuwa fundi," alisema Président. "Tulikuwa tunamuita Bukavu."

"Jina yake ni Isidore. Ile wimbo alitunga mu nyumba yangu."

"Citoyenne, majina ya wazungu serikali iliondoa. Kwetu hakukuwa na Isidore."

"Basi Murhula, jina yake ya nyumbani. Andika Murhula."

Président alieleza kwa upole kwamba majalada yalikwisha kuchapwa, na kwamba katika orkesta nyimbo zote hubeba jina la mkuu, ndiyo desturi. Eulalie hakubishana. Aliuliza lile hasa lililomleta.

"Mulimuzika wapi?"

Président alifumba macho. Ilionekana wazi kwamba anajaribu kukumbuka kwa moyo wote. Walikuwa ziarani mkoani Kasaï, alisema, homa ikamshika huyo Bukavu wao, wakamwacha kwa familia moja karibu na stesheni, watu wazuri sana, kwa sababu gari la moshi halikuweza kungoja. Baadaye walisikia kwamba amekufa. Mji ulikuwa huu, au ule unaofuata. Stesheni zile zote zinafanana.

Gitaa likafika mwisho. Isidore akasimama, akapita kati yao.

"Merci, Bukavu," alisema Président.

Wakati wa kuagana alimpa Eulalie tiketi za onyesho. Gaston ndiye aliyekwenda. Aliporudi alisema wamepiga vizuri, na ilimuuma kusema hivyo.

Desemba iliyofuata Apollinaire alileta albamu mpya ya orkesta ileile. Wimbo mmoja katikati yake, Eulalie aliutambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Isidore aliutunga wiki waliyomzika mtoto wao Georgette, akiwa amekaa kwenye ngazi ya jikoni, na hapa Bukavu hakuwahi kumwimbia mtu mwingine. Sasa Président aliuimba kwa sauti nzuri. Jina la mtoto alikuwa amelitoa, akatia la mwanamke fulani wa Kinshasa anayechelewa kurudi kwa mpenzi wake.

Bibiane alikuwa amekwisha kusogeza sahani. Wote walitazama mlango. Haukufunguliwa. Gitaa lilikuwa la mtu mwingine, mzima, aliyekuwa Kinshasa saa hiyo akila chakula chake cha mchana. Wakasikiliza mpaka mwisho, bila neno, kama sheria ilivyotaka.

Jioni wakapiga kura. Gaston alisita, Bibiane akatazama sakafu. Mwishowe wakamwachia Eulalie aseme. Alisema kwamba mwaka huu haukutoka wimbo mzuri kuliko ule, akanyoosha mkono.